Subira ya Mtoto, Ahadi ya Mkubwa

Mwaka jana mimi na mke wangu tulimpeleka binti yetu Butiama, akakae kwa mama yangu mzazi. Mke wangu alikuwa amepata nafasi ya masomo nje ya mkoa, nami nilikuwa na vipindi vingi chuoni Mwanza. Mtoto alikuwa ametimiza miaka minne. Tulijiambia kwamba kwa bibi yake atakuwa salama, atakula vizuri, na kwamba kutoka Mwanza hadi Butiama ni safari ya nusu siku tu: basi hadi Kiabakari, kisha bodaboda. Nilipanga kwenda kila baada ya Jumamosi mbili.

Siku moja nilifika na mfuko wa maandazi niliyonunua stendi ya Bunda. Nilimpa mtoto moja, nikamwambia anawe kwanza, kisha akae kitako ndipo ale. Na kwamba akilisubiri la kwanza hadi chai iwe tayari, nitamwongezea la pili. Kabla sijavuta kigoda, andazi lilikuwa limekwisha, na viganja vyake vilikuwa bado na vumbi la uwanjani. Nilimgeukia mama nikasema, kwa sauti ya mtu aliyesomea elimu, kwamba mtoto huyu hana subira na itabidi tumfundishe kujizuia mapema.

Mama alikuwa akichambua dagaa kwenye ungo. Hakuinua uso.

"Subira anayo, baba," akasema. "Alikuwa nayo Jumamosi tatu. Ikamwishia."

Kisha akanieleza. Mara tatu mfululizo nilikuwa nimempigia mtoto simu nikamwambia, "Jumamosi nakuja." Mara tatu sikwenda: mara ya kwanza kulikuwa na mitihani ya kusahihisha, mara ya pili kikao, mara ya tatu nilichoka. Kila Jumamosi kati ya hizo mtoto aliamka, akaomba avalishwe gauni lake jekundu, akakaa juu ya jiwe lililo mbele ya nyumba, akitazama njia. Bibi yake alimpelekea uji palepale. Jioni alirudishwa ndani. Jumamosi ya nne, ambayo nilikwenda kweli, hakuomba gauni. Nilimkuta akicheza nyuma ya nyumba, naye hakukimbia kunipokea. Nami nilikuwa nimelichukua jambo hilo kuwa dalili ya ukuaji.

Ndugu msomaji, ukurasa huu umezoea kujadili bajeti, katiba na utumishi wa umma. Leo naandika juu ya watoto wa miaka mitatu hadi sita, na siamini kwamba nimetoka nje ya siasa.

Wataalamu wa malezi huzungumzia uwezo wa kujidhibiti: mtoto kuzuia mkono wake, kungoja zamu, kutuliza hasira bila kupiga wala kuuma, kukumbuka aliloagizwa na kulitenda hata asipotazamwa. Karibu tabia zote za afya zinasimama juu ya uwezo huo. Kunawa kabla ya kula ni kuahirisha tonge. Kupiga mswaki usiku ni kuahirisha usingizi. Kwa mtoto wa Musoma anayekaa karibu na Ziwa Victoria, kutokwenda kuchezea maji ya ufukweni peke yake, penye hatari ya kuzama na ya kichocho, ni kushinda mwito mkubwa wa siku ya jua. Sehemu ya mbele ya ubongo inayofanya kazi hiyo huendelea kukomaa hadi mtu apite miaka 20. Kwa hiyo tunapomdai mtoto wa miaka minne ajizuie kama mtu mzima, tunamdai kitu ambacho bado kinajengwa ndani yake. Lakini msingi huwekwa katika miaka hii, na swali ni nani anauweka, na kwa kutumia nini.

Jibu letu la kawaida ni methali na fimbo. Tunamwambia mtoto kwamba subira yavuta heri, na asipoelewa tunamchapa. Methali hiyo ina ndugu yake ambayo hatuisemi mbele ya watoto, kwa kuwa inatuelekea sisi: ahadi ni deni. Niliporudi Mwanza baada ya maneno ya mama, nilirejea maandiko niliyokuwa nimeyafundisha kwa miaka kadhaa, nikayasoma safari hii kama mshtakiwa.

Mwishoni mwa miaka ya 1960, katika shule ya watoto wadogo ya Chuo Kikuu cha Stanford nchini Marekani, mwanasaikolojia Walter Mischel alianza majaribio yaliyopata umaarufu duniani. Mtoto aliwekewa kitamutamu mbele yake, akaambiwa kwamba akingoja mpaka mtafiti arudi atapata viwili. Wengine walingoja, wengine hawakuweza. Ufuatiliaji wa miaka iliyofuata ulionyesha kwamba waliongoja zaidi walielekea kufanya vizuri zaidi shuleni walipokua. Dunia ikahitimisha haraka kwamba kuna watoto wenye nguvu ya nia na watoto wasio nayo. Mwaka 2018 watafiti Tyler Watts, Greg Duncan na Haonan Quan walilipima jambo hilo upya kwa kundi kubwa na lenye mchanganyiko zaidi wa watoto, wakaona kwamba uhusiano ule hupungua sana mara hali ya familia na mazingira ya nyumbani yanapozingatiwa.

Jaribio lililonichoma zaidi ni la mwaka 2013, lililofanywa na Celeste Kidd na wenzake katika Chuo Kikuu cha Rochester. Walikuwa na watoto 28 tu, wa miaka mitatu hadi mitano. Kabla ya kuwapa mtihani wa kitamutamu, waliwaahidi vifaa vizuri zaidi vya kuchorea. Kwa nusu ya watoto, mtu mzima alirudi na vifaa alivyoahidi. Kwa nusu nyingine alirudi mikono mitupu akaomba radhi. Ndipo kitamutamu kikaletwa. Watoto waliotimiziwa ahadi walingoja kwa wastani wa dakika 12. Waliovunjiwa ahadi walingoja dakika 3. Hakuna aliyewachapa wala kuwahubiria. Ndani ya muda mfupi walikuwa wamejifunza kama neno la mtu huyu linafaa kungojewa au la.

Na tusidhani kwamba subira ni mali ya nchi tajiri. Bettina Lamm na wenzake waliwalinganisha watoto wa miaka minne wa jamii ya Wanso, wakulima wa Kamerun, na watoto wa mijini Ujerumani. Takribani watoto 7 kati ya 10 wa Kamerun walingoja mpaka mwisho. Wa Ujerumani hawakufika 3 kati ya 10. Wanso wanalea watoto kwa kudai utii na heshima, lakini pia katika nyumba ambamo mama yupo karibu, anaijua njaa ya mwanawe kabla hajalia, na chakula kinapogawiwa kila mtoto anajua fungu lake litafika. Mtu wa Butiama akisoma maelezo hayo ataona nyumba ya bibi yake.

Nilipokwenda Bunda kukagua wanachuo wetu walio katika mazoezi ya kufundisha, nilikuwa na mambo hayo kichwani. Shule sitaitaja; zipo nyingi kama hiyo. Darasa la awali lilikuwa na watoto zaidi ya 90, mwalimu mmoja na mwanachuo wetu mmoja. Kiwango kilichowekwa na serikali ni mwalimu 1 kwa watoto 25. Somo la asubuhi lilikuwa afya na usafi. Mwanachuo wetu alikuwa amejiandaa vizuri: alikuwa na wimbo wa kunawa mikono, wenye hatua zote, viganja, katikati ya vidole, kucha. Watoto waliimba kwa furaha huku wakisuguanisha mikono hewani. Nje ya dirisha niliviona vibuyu chirizi vitatu vimening'inia kwenye mti, vya madumu madogo, kamba zake za kukanyagia zikiwa nzima. Vyote vilikuwa vikavu.

Wimbo ulipokwisha uliletwa uji. Watoto waliupokea kwa mikono ile ile.

Simlaumu mwanachuo yule, wala mwalimu wake. Mwalimu alinieleza kwamba maji hutoka mbali, kwamba watoto wakubwa huyachota wakija shuleni, na kwamba siku hiyo yalikwenda jikoni yote. Lakini tazama watoto wale walikuwa wanafundishwa nini. Walijifunza kwamba kunawa mikono ni wimbo. Walijifunza kwamba mkubwa husema jambo moja kwa bashasha, kisha maisha yanaendelea vingine, na hakuna anayeona ajabu. Hilo ni somo la uraia, na walilifaulu wote.

Kuhusu uji wenyewe, mwalimu alisema jambo ambalo nimekuwa nikilirudia tangu siku hiyo. Nilimuuliza anawezaje kuwapanga watoto wote hao katika mstari bila vurugu. "Mwalimu," akaniambia, "inategemea mwezi. Baada ya mavuno wazazi wanaleta mahindi, uji unapikwa kila siku, saa nne unafika. Watoto wanapanga mstari wenyewe, hata simsemeshi mtu. Ikifika miezi ya njaa, leo upo, kesho haupo, hapo wanasukumana mpaka wanaumizana. Ni watoto walewale."

Ni watoto walewale. Tabia haikubadilika kwa sababu maadili yao yalimomonyoka kati ya Julai na Januari. Kilichobadilika ni uhakika. Mtoto anayejua kwamba sufuria itamfikia hana sababu ya kusukuma; mtoto asiyejua anasukuma kwa akili timamu. Ukimchapa kwa kusukuma, umemwadhibu kwa kufanya hesabu sahihi.

Najua hoja itakayotolewa na baadhi ya wasomaji wangu, hasa wa umri wangu: sisi tulichapwa, na tulikuwa na nidhamu. Nami nilichapwa, Musoma na Butiama kote. Nakumbuka vizuri kwamba tulinyamaza mwalimu alipokuwa mlangoni, na tulipanda juu ya madawati alipokunja kona. Woga humdhibiti mtoto kwa muda ule ambao mwenye fimbo anaonekana. Kujidhibiti ni kile kinachobaki baada ya mwenye fimbo kuondoka. Taifa lililolelewa kwa woga hutoa mtumishi anayewahi kazini siku ya ziara ya kiongozi, anayepaka rangi jengo wiki ya ukaguzi, na anayeacha maji ya kunawa yakauke siku ya pili baada ya mgeni kuondoka. Tunamwona mtumishi huyo kila siku, tunamlalamikia, na hatuulizi alisoma wapi darasa la awali.

Wazee wetu walikuwa na njia nyingine, na bado zipo. Mchezo wa mdako unamtaka mtoto arushe kete na kuidaka, huku wenzake wakingoja zamu zao wakiwa macho. Hadithi za jioni huanza kwa msimuliaji kuita na wasikilizaji kuitikia, na asiyeitikia hapati hadithi. Mtoto hujifunza kukaa kimya kwa sababu kuna kitu anachokitaka mwishoni, na bibi hakuwahi kuikatisha hadithi njiani. Michezo ya kusimama na kukaa kwa amri, ambayo kila mwalimu wa awali anaijua, humzoesha mtoto kuuzuia mwili wake huku akicheka. Hakuna hata mmoja kati ya michezo hiyo unaohitaji fedha za wafadhili. Inahitaji mkubwa aliyepo, na anayeumaliza mchezo aliouanza.

Hapa ndipo Musoma inaponirudisha katika siasa. Novemba 1974, Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Musoma na kupitisha azimio lililobeba jina la mji huo: kila mtoto wa Tanzania mwenye umri wa kuanza shule apate elimu ya msingi ifikapo Novemba 1977. Kiongozi wa chama hicho, Mwalimu Julius Nyerere, alikuwa mwenyewe ameanza darasa la kwanza mwaka 1934, akiwa na miaka kama 12, katika shule ya Mwisenge palepale Musoma. Ahadi ile ilikuwa kubwa kuliko mfuko wa nchi. Madarasa yalijengwa kwa nguvu za wananchi, walimu wakafundishwa haraka haraka, na ubora ukaumia. Hata hivyo milango ilifunguka, na kizazi kizima cha watoto wa wakulima na wavuvi kikaingia darasani. Wazazi waliobeba matofali waliona shule ikisimama. Mwaka mmoja kabla ya azimio hilo, kampeni ya Mtu ni Afya ilikuwa imewakusanya watu wazima wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza redio. Na baada ya kipindi cha redio walichukua majembe wakachimba vyoo. Neno lilifuatwa na jembe siku ileile. Kwa maoni yangu hilo ndilo lililoifanya kampeni ile ikumbukwe hadi leo.

Kwa watoto wa chini ya umri wa darasa la kwanza, ahadi zilichelewa. Sera ya elimu ya mwaka 1995 iliitambua elimu ya awali. Sera ya mwaka 2014 ikaifanya kuwa ya lazima kwa mwaka mmoja. Na kuanzia Januari 2016 elimu bila ada ikawaleta watoto kwa wingi katika madarasa ya awali ya serikali. Desemba 2021 ilizinduliwa Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, inayounganisha afya, lishe, malezi yenye mwitikio, ujifunzaji wa awali, na ulinzi na usalama kwa watoto hadi miaka minane. Ni nyaraka nzuri. Nimezifundisha, na wanachuo wangu wanaweza kuzitaja kwa tarehe zake. Lakini mtoto wa Bunda hasomi nyaraka. Anasoma kibuyu chirizi, sufuria, na uso wa mwalimu mmoja aliyezidiwa na watoto 90. Kwake, hiyo ndiyo serikali.

Kwa hiyo, kwa watumishi wa umma wanaosoma hapa, hasa walio katika halmashauri na kata za mkoa wetu, ombi langu ni dogo na linapimika. Kabla ya kuagiza wimbo wa kunawa mikono, hakikisheni dumu lina maji. Mabomba yanayoleta maji ya ziwa kutoka Mugango kuelekea Kiabakari na Butiama yakipita karibu na shule, darasa la awali liwe la kwanza kufikiriwa. Kabla ya kuwalaumu wazazi kwa mchango wa mahindi, kaeni na kamati ya shule baada ya mavuno, wakati ghala lina kitu, mpange namna ya kuwekea akiba miezi ya njaa. Ni afadhali kikombe kidogo kila siku kuliko kikombe kikubwa siku ambazo hazijulikani. Na mahali ambapo mwalimu ni mmoja, mpeni msaidizi, hata kama ni mama wa kijiji aliyefundishwa wiki chache, maana mtoto hawezi kujifunza kutulia kwa mtu asiyepata nafasi ya kumtazama usoni.

Kwa wanaharakati: msiwapigie watoto picha wakiwa na sabuni ya siku moja.

Kwa sisi wazazi, hasa tulio mbali, ombi langu nalielekeza kwanza kwangu. Nilipotambua nilichomfanyia binti yangu, sikujua nianzie wapi. Mama alinishauri niache kutaja Jumamosi. "Muahidi kitu kidogo unachokiweza," akasema. Nikaahidi simu: kila siku saa moja jioni, baada ya kuoga na kabla ya kula. Nilipiga nikiwa barabarani, nikapiga nikiwa katikati ya kusahihisha, nikapiga siku ambayo sikuwa na la kusema. Siku za mwanzo alikataa kuja kwenye simu. Bibi yake hakumlazimisha. Aliiweka mezani ikiwa na sauti, nikazungumza na mama yangu huku mtoto akisikiliza kutoka mlangoni. Wiki ya tatu alikuja akanieleza habari za kuku. Baadaye bibi aliniambia kwamba mtoto huenda kuoga mwenyewe giza linapoanza kuingia, bila kuitwa, kwa kuwa anajua baada ya kuoga kuna simu.

Ndiyo tabia ya afya niliyokuwa nikiitafuta. Hakuifikia kwa fimbo wala kwa wimbo. Alipata mahali pa kuiegemeza.

Nilipoweza, nikaanza tena kutaja tarehe, lakini zile tu ambazo nilikwisha kuziombea ruhusa. Nikishindwa humwambia mapema na kumweleza kwa nini, na kamwe simwambii "kesho" ili tu anyamaze. Mara ya mwisho nilipofika nilikuwa tena na maandazi. Alilichukua la kwanza, akaliweka kwenye sahani, akaenda kunawa kwenye dumu la bibi yake. Aliporudi hakuligusa. Aliniuliza kwanza nitaondoka lini na nitarudi lini.

Nikamtajia siku, na bibi yake akaiwekea alama ya kalamu kwenye kalenda ya ukutani, mbele yake. Siku hiyo ni kesho, na basi langu linaondoka saa kumi na mbili asubuhi.